Darasa Lililokosa Watoto

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa akishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga. Alikuwa na binti mmoja tu, na mtaa mzima ulimwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi shavuni. Kabla hata hajaacha kunyonya, Kidoti alikuwa hafungi mdomo. Wateja walimtania mama yake kuwa mtoto amemeza redio.

Kisha homa ikampanda. Shingo ikakakamaa, mwili ukawa moto kama pasi. Hospitalini wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Wodi ilikuwa imefurika watoto wenye homa hiyohiyo, wengine wakilazwa wawiliwawili, na si wote waliotoka wakiwa hai. Kidoti alitoka. Mama alishukuru mpaka siku sufuria ilipomponyoka, ikalia sakafuni nyuma ya mtoto, na mtoto asigeuke.

Mwaka uliofuata chanjo ya homa ile ikaletwa kliniki.

"Sasa ilikuwa wapi siku zote hizo?" alimuuliza nesi.

"Mama, hata sisi tulikuwa tunaisubiri."

Kilichowapa ahueni ni darasa la viziwi katika shule ya msingi. Lilijaa watoto, wengi wao masalia ya wodi ile. Huko Kidoti akapata lugha ya mikono, na umbea wake wote ukarudi. Mama naye alijifunza kidogo: kula, oga, lala, njoo. Kazi ilimbana, na vidole vyake vilikuwa vizito.

Lakini kila shule ilipofunguliwa, wageni darasani walipungua. Watoto wa mtaa ule walichanjwa, wakakua wakipiga kelele kutwa. Wodi ile ikafanywa stoo ya vitanda vibovu. Mwishowe Kidoti akabaki na wenzake wawili, na mwalimu akamwita mama.

"Dada, darasa linafungwa. Mimi nahamishwa."

"Na huyu wangu?"

"Ipo shule ya bweni, mbali, ila inachukua wadogo tu. Nimewabembeleza, wamekataa."

"Kwa hiyo tunafungiwa kwa sababu watoto wa watu hawaugui?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Ni jambo jema, dada, ila..."

"Ila nini? Malizia."

Mwalimu akaanza kufuta ubao.

Njiani mama alijikuta akitamani ile homa irudi, hata kwa watoto wachache tu. Akashtuka. "Koma!" alijikemea kwa sauti, mpita njia akamgeukia. Nyumbani aliketi kwenye cherehani akaendelea na sare za watoto walewale, machozi yakimtoka.

Wale wenzake wawili wakahama na wazazi wao. Kidoti akabaki kibarazani akishona vifungo. Mwanzoni aliwasimulia watoto waliopita. Wao wakaiga mikono yake, wakacheka, wakakimbia. Siku moja alimgeukia mama, akaeleza jambo refu, mikono ikienda mbio. Mama aliambulia "mimi" na "lini" tu. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Kidoti alimtazama usoni, akajua kuwa hakuelewa. Akaishusha mikono, akaokota sindano, akatunga uzi.