Mwisho Niliowasomea Wanawake wa Ndengu

Niliondoka Mukuyuni asubuhi ya Jumanne, na mtu angeniuliza ninakwenda wapi ningemwambia nakwenda kunywa chai. Begani nilikuwa na mkoba wenye shati moja, kamusi iliyopoteza kurasa za mwanzo, na riwaya isiyo na jalada. Nilipita hoteli ya chai bila kuingia. Kando ya barabara lilisimama lori lililoleta mahindi na sasa lilikuwa likirudi Kitui tupu. Dereva alinifahamu kwa sura, maana nilikuwa nimempakulia mzigo jana yake.

"Unapanda ama unaangalia?" akaniuliza.

Nikapanda.

Tangu nitoke shule nikiwa darasa la saba nimehama hivyo mara nyingi, pengine kwa sababu tu nimesikia jina la mahali na nikataka kujua maji ya huko yana ladha gani. Asubuhi hiyo nilikuwa na sababu nyingine, ila sikutaka kuitazama usoni. Kulikuwa na mtu Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, na nilikuwa nimemdanganya.

Kwa miezi miwili nilikuwa nimebeba magunia kwenye ghala la ndengu, yaani choroko, pale Mukuyuni. Ndengu zikitoka shambani huja na mawe, makapi na punje zilizotobolewa na wadudu. Kwa hiyo wanawake huketi sakafuni, ungo mapajani, wakizichambua tangu saa mbili asubuhi hadi jioni. Siku ambazo hakukuwa na gari la kupakia, nilikaa juu ya magunia nikasoma riwaya yangu. Niliipata mjini Sultan Hamud, kwenye hoteli nilikokuwa nikiosha vyombo. Dereva fulani aliisahau mezani, nikamngoja mwezi mzima, hakurudi. Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu nimekiokota mwenyewe njiani, kwa hiyo nilikwenda polepole, kamusi kando.

Siku moja mzee kuliko wote mle ndani, mama ambaye sote tulimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, alisema bila kuinua kichwa, "Huyu anacheka na karatasi. Sisi tunacheka na mawe. Tusomee na sisi tujue kuna nini."

Hadithi ilikuwa hivi. Mzee tajiri mwenye shamba kando ya ziwa, katika nchi ya baridi, anakufa mezani akila na familia yake. Sumu. Mezani walikuwapo watoto wake watatu, watu wazima, na mke wake wa pili, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake. Anatumwa mpelelezi kutoka mjini, na kabla hajamaliza kuandika majina ya waliokuwapo, ameshampenda huyo mke.

Nilisoma sura moja kwa siku, nikiigeuza kwa Kiswahili, na Kiswahili kikikwama naingia Kikamba. Wakaanza kuniita Mwalimu, kwa kunicheka, maana walijua niliishia darasa la saba. Mikono yao haikusimama, wala midomo.

"Ngoja hapo," alisema mama mmoja mwimbaji wa kwaya. "Mzee hajazikwa, na huyu askari tayari ameshika mkono wa mjane?"

"Anamhoji," nikasema.

"Mkono unahojiwa?"

Mpakiaji mwenzangu alikuwa na maoni yake tangu sura ya pili, na hakuyabadilisha. "Mnapoteza wakati na mapenzi. Ulizeni hati ya shamba iko kwa nani. Aliye na hati ndiye aliyeua. Kwisha."

Susu yeye alisumbuliwa na mifugo. "Wiki nzima watu wanakaa ndani wakilaumiana. Mbuzi wa mzee wanachungwa na nani?"

"Kitabu hakisemi, Susu."

"Basi aliyekiandika hajawahi kufiwa nyumbani kwake."

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango, penye mwanga. Ndiye aliyetoka Tseikuru. Alikuwa na uso mrefu, na alipepeta kwa kutikisa mkono wa kushoto tu, taratibu, kana kwamba ungo una mtoto aliyelala. Hakubishana na mtu. Lakini kila sura ilipoisha aliuliza swali moja, lilelile.

"Mwalimu, na leo mke amekula?"

Mara ya kwanza sikuelewa. Nikarudi nyuma kurasa mbili, nikaona mwandishi hakumpa mke chochote. "Leo hajala," nikamjibu, naye akainamia ndengu zake. Tangu siku hiyo nilikuwa nikitafuta mapema mahali ambapo mke anakula, ili niwe na kitu cha kumpelekea mlangoni. Nilipokosa, nilimtungia. Kipande cha mkate. Supu kidogo. Wengine hawakujali, ila yeye aliitikia kwa kichwa kama aliyepokea salamu kutoka nyumbani. Nikajikuta nasoma nikiwa nimeelekeza uso mlangoni, na Jumapili, ghala likiwa limefungwa, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Susu ndiye aliyenieleza, siku tuliposaidiana kufunga mdomo wa gunia. Mume wa yule mwanamke aliumwa tumbo jioni moja baada ya chakula, akafa kesho yake kabla hajafikishwa hospitali. Hakuna aliyemshtaki mkewe. Hakuna askari aliyekuja. Ila tangu siku hiyo mama mkwe wake hakugusa tena chakula alichopika. Mke alipika, akapakua, chakula kikalala. Alivumilia hivyo misimu miwili, kisha akawaacha watoto wake wawili kwa nyanya yao huyohuyo, akashuka kutafuta kazi.

"Sasa wewe soma vizuri," Susu aliniambia.

Jumapili iliyofuata, mchana, niliketi nyuma ya ghala nikaruka hadi mwisho wa kitabu. Mke ndiye aliyeua. Mpelelezi anagundua, na kwa kuwa anampenda anamwacha avuke mpaka, kisha anabaki amesimama barabarani. Ilikuwa imeandikwa vizuri mno, na nikamkasirikia mwandishi ambaye hata jina lake sikulijua, kwa kuwa jalada lilikuwa limekwisha toka.

Ijumaa tukafika mwisho. Nilifungua ukurasa, nikautazama, nikaanza kusema mambo mengine. Nikamfanya mwana wa kwanza kuwa muuaji. Nikamtia chupa mfukoni, na hati ya shamba nikaificha chini ya godoro lake.

Mpakiaji alilipiga gunia kofi. "Hati! Nilisema nini?"

"Na askari akamwoa mjane?" aliuliza mama wa kwaya. "Kanisani?"

"Kanisani."

"Afadhali."

Mwanamke wa Tseikuru alikuwa ameweka ungo wake chini. "Kwa hivyo hakuwa yeye," alisema.

"Hakuwa yeye."

"Na wale watoto wa mzee, walimwambia nini?"

Hilo sikuwa nimelitunga. "Hawakusema kitu," nikajibu. "Walikaa mezani wakala naye."

Alinitazama kwa muda, kisha akachukua ungo wake akaendelea. Jumatatu hakuja. Tukaambiwa amerudi kwao.

Wiki tatu nilibeba magunia nikiutazama ule mlango. Mtu mwingine aliwekwa kukaa pale, mchambuaji hodari, na nilimchukia bure. Nilimkumbuka yule mwanamke kwa mambo madogo: leso aliyojifunga kiunoni, na namna alivyotoa jiwe kwenye ndengu akaligeuza kwanza kabla ya kulitupa. Pamoja na kumkumbuka kulikuwa na hofu. Akilini nilimwona akiingia nyumbani kwa mama mkwe akiwa ameamini uongo wangu, anapika, anapakua, anangoja watu waanze kula kama nilivyomwahidi. Nilijiuliza nimemtuma wapi.

Kisha ikawa ile Jumatatu niliyopakua mahindi. Jioni Susu aliniita kando.

"Siku ile ya mwisho macho yako hayakutembea."

"Vipi, Susu?"

"Mimi sikusoma, lakini nimekutazama mwezi mzima. Ukisoma, macho yanatembea kama mtu anayepanda mahindi. Yanafika mwisho wa mstari, yanarudi. Siku ile yalisimama. Ulikuwa unaongea tu." Alijipangusa vumbi la ndengu mikononi. "Na yule wa mlangoni alikuwa anakutazama kuliko mimi."

Kesho yake ndipo nilipolikuta lori.

Kitui nilikaa siku nne nikipakua saruji, nikijiambia sina haraka na sina ninakokwenda. Siku ya tano nilikuwa mjini Mwingi. Huko nilikutana na mfanyabiashara wa mifugo, mzee Mwislamu ambaye familia yake ilitoka kaskazini mashariki zamani, aliyekuwa akienda Tseikuru kununua mbuzi. Alikuwa na duka huko, na vyumba vya wageni nyuma yake. Alihitaji mtu wa kumsaidia kufunga maturubai. Tulipopita Kyuso aliniuliza kitabu kilichotokeza mkobani kinahusu nini, nikamsimulia chote, kwa mwisho wake wa kweli.

"Hao watu walikosea mapema," alisema. "Unaketije mezani na mtu usiyemwamini? Ama unamwamini unakula, ama humwamini unamwambia. Hakuna kukaa katikati unatafuna."

"Na mpelelezi?"

"Huyo ni mgonjwa. Mwache."

Tulifika Tseikuru kabla ya adhuhuri, soko likiwa limejaa mbuzi na vumbi. Nilishuka nikasimama karibu na kioski cha maji, nikitafakari namna ya kumuulizia mtu bila kumletea maneno.

"Mwalimu wa darasa la saba," sauti ilisema nyuma yangu. "Umepotea ama umefukuzwa?"

Alikuwa amesimama na punda aliyebeba mitungi minne ya plastiki. Amekonda kidogo. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Kitui, na yote yakanitoka.

"Nimekuja kuona mbuzi," nikasema.

"Mbuzi wako kule. Hapa ni maji."

"Kuna kitu nilisoma vibaya."

"Najua."

"Susu alikwambia?"

"Nilikuwa na macho."

"Na ukarudi hivyohivyo?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeshika ungo juu chini. "Wewe ulifikiri nilirudi kwa sababu ya kitabu? Shule zilifungwa. Watoto walikuwa nyumbani."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, na kwa muda nilisahau niko wapi. Kisha nikauliza lile lililonileta. "Wanakula?"

Aliinama akakaza kifuniko cha mtungi ambacho kilikuwa kimekazwa tayari. "Wiki ya kwanza hapana. Watoto walikula, mama akatazama. Ya pili na ya tatu vilevile. Juzi akachota kidogo, akasema chumvi haitoshi."

"Akaongeza?"

"Akaniambia niongeze mimi."

Alisimama wima. Watu walikuwa wakipita, na wengine walitupa macho. Alihamia upande wa pili wa punda, tukabaki tunaongea juu ya mgongo wake.

"Sasa niambie," alisema. "Ni nani aliyeua?"

"Mke."

Nilitamani kurudi Ijumaa ile nimtungie tena mwisho mwingine.

"Na askari alifanya nini?"

"Alijua. Akamwacha aende. Alisimama barabarani akamtazama mpaka akapotea."

"Hakumuuliza kitu?"

"Amuulize nini?"

"Kwa nini. Anaenda wapi. Chochote." Alipangusa shingo ya punda kwa kiganja. "Unampenda mtu, unamwona anaondoka, na humuulizi hata neno moja. Unabaki barabarani kama nguzo."

Mwezi mzima nilikuwa nimemsomea, na sasa nilijaribu kukumbuka swali hata moja nililowahi kumuuliza.

Akanyoosha mkono. "Lete."

"Ni cha Kiingereza."

"Nilimaliza kidato cha nne, Mwalimu. Hilo pia hukuuliza."

Nilikitoa kitabu mkobani nikampa. Akakipima uzito, akafungua ukurasa wa mwanzo, ule wenye doa la chai ya Sultan Hamud, na nikaona macho yake yakienda hadi mwisho wa mstari na kurudi.

"Nitakisoma mwenyewe toka mwanzo," alisema. "Nione mkate na supu ulivitia wapi. Huyu mke simhukumu kwa mdomo wa mtu. Nikimaliza nitakuja hapa majini nikwambie ninavyoona."

"Itachukua muda gani?"

"Nina watoto wawili, mbuzi tisa na mama mkwe. Usinisukume." Alikifunga kitabu ndani ya leso, akakitia kwenye kiondo alichotundika begani, chini ya sukuma wiki. "Na usinifuate nyumbani. Bado mapema. Chumvi ni ya juzi tu."

Alimpiga punda kofi jepesi, wakaondoka.

"Hapa majini huwa unakuja saa ngapi?" nikamwita. Ndilo swali lililokuja.

Aligeuka. "Saa nne," alisema. "Kila siku isipokuwa Jumapili."

Nilirudi kwa mfanyabiashara. Alikuwa mlangoni pa duka lake akihesabu mbuzi aliokwisha nunua, nikangoja amalize, kisha nikamwambia nataka chumba.

"Siku ngapi?"

"Mpaka mtu amalize kusoma kile kitabu."

Alinitazama, akautazama mkoba wangu uliolegea. "Ni kikubwa?"

"Kurasa mia tatu na kitu."

"Anasoma haraka?"

"Sijui bado. Ana kazi nyingi."

Alifikiri kidogo, kama mtu anayekadiria safari, kisha akatoa ufunguo msumarini. "Basi chukua cha mwisho kule nyuma. Asubuhi kina kivuli, na ukikaa nje unaona njia ya maji. Na kama utakaa, kesho utanisaidia na hawa mbuzi."

Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha la ubao. Niliweka mkoba kitandani. Kulikuwa na kiti cha plastiki pembeni, nikakitoa nje, nikakaa.