Neno Linalokuja Baada ya Nzuri

Bibi yangu alikatwa vidole viwili vya mguu kwa sababu ana adabu. Nimejaribu kuiandika sentensi hii kwa upole, na kila mara inarudi hivi hivi.

Anaishi Kinjumbi, nyuma ya mikorosho yake, na amekuwa na kisukari tangu nikiwa mdogo. Watu wa mradi mmoja wa afya walikuja na fulana zao nyeupe, wakawakusanya wagonjwa wa sukari na presha, wakachukua namba zao. Kila asubuhi, walisema, simu itaita, sauti ya mashine itamuuliza mgonjwa hali yake, naye atajibu kwa mdomo wake, bila kubonyeza chochote. Atakayesema ana hali mbaya, muuguzi atamfuata kwa pikipiki. Nilipoelezwa, nilifurahi. Leo naijutia furaha ile.

Nilipotoka Dar es Salaam kumtembelea nilimkuta barazani, simu yake ndogo ya kitochi imefungwa kwenye pindo la kanga.

"Karibu mke mwenzangu," akanitania. "Kaa kimya kidogo, binti yangu hajapiga."

Simu ikaita. "Shikamoo bibi," ikasema sauti, laini kama ya mtangazaji wa redio.

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Sauti haikusema kama haijambo. "Hali yako leo ikoje?"

"Nzuri, alhamdulillah, ila huu mguu mwanangu..."

"Vizuri sana bibi! Kumbuka kunywa dawa na kula mboga za majani. Kwaheri."

Simu ilikatika. Bibi hakukatika. Aliendelea kumweleza binti wa watu jinsi mguu unavyowaka, jinsi bandeji inavyolowa, akamtakia kazi njema.

"Bibi, amekata."

"Ana haraka. Wagonjwa wengi. Amesikia."

Jirani yake, aliyekuwa akimenya muhogo pembeni, akacheka. "Anasubiri pikipiki huyo kama mwari anayesubiri posa. Kila ikipita bodaboda anatengeneza kanga."

Nikaomba kuuona mguu. Harufu ilinifikia kabla bandeji haijaisha kufunguliwa. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi.

"Zahanati iko pale, bibi! Kwa nini hukwenda?"

"Niende kusema nini tena? Nimemwambia yule binti tangu Ramadhani. Wakubwa zake wanajua. Nikienda kwingine si nitamchongea? Watamgombeza mtoto wa watu."

Tulimpakia kwenye bodaboda hadi barabara kuu, kisha tukapanda basi la Lindi. Nangurukuru basi lilisimama abiria wanunue samaki wa kukaanga, wakabishana bei kwa raha zao, nami nilitamani kumwaga sinia zima barabarani. Hospitalini daktari alisema kidonda kile kingepona kwa kusafishwa tu, kama kingewahiwa. Vidole vikaondolewa. Kuhusu mguu wenyewe, alisema, tusubiri tuone.

Mimi sikusubiri. Nilikwenda ofisi ya mradi. Kijana aliyenipokea alikuwa mpole, na upole wake ulinizidishia hasira.

"Dada, bibi yako ni kati ya wanaoendelea vizuri sana," akasema, akanivalisha vipokea sauti ili nisikie mwenyewe.

Nikasikia. Asubuhi baada ya asubuhi, sauti ya bibi yangu: nzuri, alhamdulillah, ila. Nzuri mwanangu, ila. Siku moja jogoo aliwika nyuma yake. Siku nyingine alikohoa. Kila siku, neno lile lile, kisha sauti yake inakatwa kama kwa panga.

"Mfumo unachukua jibu la kwanza," kijana alieleza. "Muda wa simu ni gharama."

"Wewe kwenu wapi?"

"Hapa hapa Lindi."

"Mama yako akiumwa, ukimuuliza hali, anasemaje?"

Akatazama meza. "Anasema nzuri."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo anasema anachoumwa."

Alijua! Sote tunajua. Hapa kwetu hata nyumba yenye maiti ndani, ukibisha hodi ukauliza habari, utajibiwa nzuri, tumefiwa. Nzuri ni mlango tu, mtu hakai mlangoni. Watoto wa pwani hii hii waliketi wakaifundisha mashine Kiswahili chetu, wakaifundisha mpaka shikamoo, kisha wakaiacha ifunge mlango usoni mwa wazee wao.

Kesho yake wodini nilimsihi bibi. "Akipiga, anza kusema mbaya."

"Nimwamkie mtu kwa mbaya? Mimi mchawi?"

Simu ilipoita nikaipokonya. "Mbaya!" nilipiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Mbaya, mbaya!"

"Pole sana bibi," ikasema sauti, laini vile vile. "Muuguzi atakufikia."

Bibi alinilaumu mpaka alasiri. Alisema nimemtukana mtoto wa watu.

Ndipo jirani akapiga kutoka Kinjumbi, akipaza sauti hata bibi akamsikia. "Pikipiki imefika! Muuguzi yuko hapa barazani anamtafuta mwenyewe. Nimemwambia mgonjwa yuko Lindi, anauliza anaendeleaje. Nimjibu nini?"

Uso wa bibi ukang'aa. "Unaona? Si nilikwambia watakuja? Mwambie jirani ampikie chai."

"Anauliza hali yako, bibi."

Alijiweka sawa kitandani, akautazama mguu wake uliofungwa, ambao bado hatukujua kama tutarudi nao.

"Mwambie nzuri," akasema.

Niliisogeza simu karibu na mdomo wake, nikaishikilia pale, mpaka alipomaliza yote yaliyokuwa yakifuata.