Mzee Salumu Alimpenda Ilunga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha uchapaji hapa Lubumbashi, nilifika na rula mpya. Mkuu wa chumba cha uchoraji, Mzee Salumu, fundi mwenye asili ya Maniema, aliichukua akaifungia kabatini. Akanipa mkasi na kipande cha mpira wa gurudumu.

"Kata A," akasema. "Bila kuchora."

Nilikata hadi vidole vikavimba. Enzi hizo herufi za lebo na mabango zilichorwa kwa mkono, ndipo zikapigwa picha na kupelekwa mashineni. Shule ilinifundisha kuzipima. Mzee alinifundisha kutazama weupe ulio kati ya herufi. Alinipeleka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, nikasome vibao nikiwa nimeinama, nikichungulia katikati ya miguu yangu, wauza mihogo wakicheka. Ukikitazama kibao kichwa chini, neno linapotea, makosa yanabaki. Bwana Mkurugenzi alimwona mwendawazimu, lakini wateja walimtaka yeye tu.

Kisha akaja Ilunga, kijana wa rika langu kutoka Mitwaba. Alipopewa mkasi, A yake ilitoka safi mara ya kwanza. Mzee aliishika mbele ya dirisha, akaigeuza na kuigeuza kwa muda mrefu. Yangu hakuwahi kuitazama hivyo.

Tangu siku hiyo Ilunga alichora picha, mimi nikaandika maneno chini yake. Yeye aliitwa "mutoto wangu", mimi "Mademoiselle", yaani binti, kama mgeni. Nilikuwa nikiangalia mikono yake na kutamani itetemeke.

Ukaja uporaji mjini kote. Askari na raia walibeba karatasi, wino, hata milango. Mkurugenzi akaondoka na familia yake, kiwanda kikafa. Sisi watatu tukahamia kibanda huko mtaani Kenya, tukipaka rangi vibao vya vinyozi na makanisa. Kipindupindu kilipoingia, zahanati ilitaka bango la kuwafundisha watu kuchemsha maji. Nilikesha nikichora mama na sufuria. Mzee akachagua mchoro wa Ilunga.

Sikuweza tena. "Mzee, kila siku Ilunga! Miye niko nani hapa?"

Hakukasirika. "Ule mutoto, nikimuacha kidogo tu, atapotea. Weye, ata nikikuacha, utatumika kazi yako."

Alidhani ananisifu. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia kwa hasira.

Ilunga alipotea hata hivyo. Alivuka mto Luapula, mpakani pale Kasenga, bila kuaga, na hakurudi. Mzee alikuwa akitazama barabara kila gari la samaki kutoka huko lilipopita. Kibanda nikakiendesha mimi, kikawa karakana, nikafundisha wengi kwa mkasi na mpira.

Macho ya Mzee yalipozimika, nilimpelekea kibao cha mbao nilichokichonga kwa ajili ya shule moja. Alipitisha vidole juu ya herufi, polepole, akafika mwisho, akarudia. Uso wake ukang'aa.

"Hii iko ya Ilunga? Amerudia kwetu?"

"Hapana, Mzee. Iko yangu."

Akapapasa tena, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Iko muzuri sana, Mademoiselle. Muzuri sana."

Sasa nimestaafu. Vijana wa kompyuta huniuliza sifa gani ilinifurahisha kuliko zote katika kazi hii. Huwatajia ile. Lakini nikiwa peke yangu, ninachosikia kwanza ni lile swali lake, na bado linauma.