Dawa ya mende kwenye chupa ya jusi

Mwezi uliopita nilikwenda kumchukua mjukuu wangu kwenye kituo cha kulelea watoto hapa Likasi, nikamkuta mtu aliyeitwa kuja kuua mende. Dawa yake alikuwa ameimimina ndani ya chupa ya jusi, akaiacha mezani na kuingia jikoni. Nilipogeuka, mtoto wa miaka kama mitatu alikuwa ameishika chupa ile, anazungusha kizibo.

Nilitaka kupiga kelele. Mama mlezi wa pale kituoni akaniinulia kiganja ninyamaze, asije mtoto akashtuka na kunywa. Alichutama, akafungua mikono, akamwita mtoto polepole: "Kuya, papa. Letea mama."

Mtoto akaitazama chupa, akamtazama yeye. Kizibo kilianguka sakafuni. Hatimaye akaja.

Mama mlezi alipoipokea tu, akaokota kizibo na kuifunga.

"Mama, ni dawa ya mende tu," mwenye dawa alisema kutoka mlangoni.

"Mutoto hayue dawa, papa. Anayua chupa ya jusi tu," mama mlezi alimjibu.

Akamtoa nje pamoja na vifaa vyake. Siku hizi wanafagia makombo baada ya kila mlo, na nyufa za jikoni wameziziba kwa simenti. Mende wamebaki wachache. Watoto wamebaki wote.