Kiza Aruna na Pete ya Taa

Ukiingia Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, kwa upande wa soko, ukasikia kitu kinapumua kama mtu mwenye pumu, ujue umefika kwa Kiza Aruna. Ni gurudumu la baiskeli alilolifunga mkanda wa kuzungusha feni. Ukilizungusha, upepo unapita ndani ya bomba mpaka chini ya mkaa. Juu ya mkaa kuna chungu cha chuma, na ndani ya chungu pistoni za magari yaliyokufa zinageuka uji mweupe. Uji huo anaumwaga kwenye mchanga alioupiga chapa ya sufuria. Ukipoa ni sufuria, na mama mmoja anakwenda nayo nyumbani kusonga nsima, ugali wa huku.

Kazi hiyo aliianza kwao Kongo, mjini Kindu, karibu na karakana za reli, wakati ndevu zake bado ni za kuhesabu. Kisha vita, kisha barabara ndefu, na mwishowe hapa. Sijawahi kumsikia akililia vitu alivyoacha. "Mchanga uko kila fasi, kila mahali," ananiambia. "Na magari yanakufa kila fasi. Sasa nilie nini?"

Mimi ni mtu wa kutembea. Miguu yangu haijui kukaa, kwa hiyo bantu, watu wa hapa, wananituma: peleka hiki Lilongwe, rudisha kile. Ndiyo maana haya yote yalinipitia mkononi.

Mwaka huu moto wa Kiza ulikuwa karibu kuzimika. Sufuria nyepesi za dukani zimejaa sokoni. Zinatoboka upesi, lakini zinang'aa, na mtu mwenye haraka ananunua kinachong'aa. Za Kiza zilikaa uani zimepangwa, kubwa imemeza ndogo, ndogo imemeza ndogo zaidi. Ndipo akaja Byamungu, kijana wa kuchaji simu, anatafuta kiwanja cha kuweka kibanda.

"Papa Kiza," akasema kwa adabu, "hapa kwako ni njiani. We pumzika. Kila mwezi nitakuletea kitu."

Kiza hakukasirika. Aliliangalia gurudumu lake muda mrefu. "Nipe mpaka Ijumaa, nikitoka msikitini," akasema. Na jioni akaanza kuuliza ni nani anaweza kulinunua lile gurudumu.

Jumatatu nilikuwa Biwi, mtaa wa Lilongwe, kwenye garaje ya Ambroise. Huyu ni Mrundi mnene, mcheshi, fundi wa magari ya kizamani. Nilimkuta amekaa mbele ya Peugeot, pikapu ile tunayoita bashe, anaisemesha kama mgonjwa. Upande mmoja taa ilikuwa na pete yake ya kung'aa. Upande wa pili taa imekodoa jicho tupu.

"Mzee, ona," akaniambia. "Mwenye gari ni mstaafu wa Nsungwi. Gari ilikuwa ya baba yake. Anataka itoke kama siku ile baba aliileta nyumbani. Aliagiza stika za mlangoni kutoka ng'ambo. Stika tu! Karatasi na gundi! Bei yake unanunua mbuzi, na kamba ya mbuzi, na mtu wa kumchunga."

"Ziko wapi?"

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Jua la Oktoba limezikunja kama majani ya tumbaku. Sasa wale wale wa stika wanataka wamuuzie pete ya taa. Si hata ya kweli, ni ya kuiga. Bei yake, mzee, nikikutajia utakaa chini."

Nikamwambia, kama ni ya kuiga, namjua mtu wa kuiga. Ambroise akaniangalia, akaangalia pikapu. Kisha akafungua visi, zile skrubu za pete nzima, akaifunga kwenye kitambaa. Akaongeza vipande vitatu vya pete ya upande wa pili, iliyovunjika. "Hivi avitupe kwenye chungu chake. Lakini hii nzima irudi nzima, mzee. Ikipotea, mi na wewe tutahama nchi."

Kiza alipoishika ile pete, mabega yake yalinyooka. "Hii? Hii ni mfuniko wenye tundu," akasema. Akachekecha mchanga, akaulowesha kidogo, akaikandamiza pete nzima kama anavyokandamiza sufuria, akaitoa polepole, akamwaga. Kesho yake nilikuwa tena Biwi na pete mpya mfukoni, inang'aa.

Ambroise akaiweka kwenye taa. Ikagoma. Akaisukuma, ikagoma. Tundu za visi hazikukutana.

"Papa Kiza ametengeneza pete ya pikipiki," akasema. Lakini safari hii hakucheka sana. "Mwambie asante. Mstaafu atalipa ile bei yao, hana njia."

Nilirudi na habari hiyo, na sikupenda kuisema. Kiza aliweka pete mpya juu ya ile ya zamani. Ilikuwa ndogo, kidogo tu, kama ukucha. Akazigeuza, akazipanga tena.

"Nimeiga sawasawa," akasema. "Miaka yote naiga sawasawa."

Mke wake Zaituni alikuwa mlangoni kwenye cherehani. Ndiye anayewashonea akina mama nguo za harusi na za Idi. Hakuinua kichwa.

"Miaka yote sufuria zako zinazaa watoto wafupi," akasema. "Unatoa chapa kwenye sufuria, inakuja ndogo. Unatoa chapa kwenye hiyo, inakuja ndogo tena. Mbona zinamezana pale uani? We ulifikiri ni ufundi?"

"Bantu banapenda zimezane," Kiza akasema taratibu.

"Sufuria hakuna mtu ataipima na kamba. Hii inavaliwa. Chuma chako kikipoa kinaingia, kinapungua, kama kitambaa cha pamba kikionja maji."

Kiza akakaa juu ya gogo, akamgeukia mkewe. "Basi, Mama Yasmine. Byamungu aweke simu zake." Akaokota vile vipande vitatu avitupe kwenye chungu, moto uzimike ukiwa umeyeyusha kitu cha mwisho.

"Acha!" Zaituni akaacha cherehani. "Lete hapa. Mteja akinenepa, mi naitupa nguo? Nafungua mshono, naweka kipande katikati."

Akatandaza mkeka, akaviweka vile vipande vitatu kwa duara, kisha akaviachanisha kidogo, kama anapanua kiuno cha gauni. Kiza alimwangalia, akaangalia mkeka. Mara akasimama. "Mshumaa!" akaita. "Mzee, lete mshumaa!"

Tukajaza mapengo kwa nta. Pete iliyovunjika ikawa nzima tena, pana kuliko ilivyozaliwa. Kiza akaikandamiza kwenye mchanga, safari hii bila kusema ni mfuniko. Mi nikazungusha gurudumu. Uji ukamwagika, tukangoja upoe. Akaisugua kwa tupa, Zaituni akaishika kwenye kanga ili isimkwaruze, wakibishana nani anaipotosha.

Alhamisi, Biwi. Mwenye gari alikuwepo, mzee mpole mwenye fimbo. Ambroise akaiweka pete kwenye taa bila utani wowote. Ikaingia kwa sauti ndogo, kama mlango mzuri unavyojifunga. Visi zikashika. Yule mstaafu akainama, akajiangalia uso wake ndani ya pete. "Zikomo," akashukuru kwa Kichewa, akarudia tena, "zikomo kwambiri." Kisha akamwita Ambroise pembeni, wakaonyeshana milango, vitasa, mikono ya kufungulia vioo.

Ijumaa baada ya swala nilikuwa uani kwa Kiza, na gunia la vyuma vilivyovunjika miguuni, vya bashe na vya magari mengine mawili ya kizamani ambayo Ambroise alikuwa amekata tamaa nayo. Kiza alikuwa bado na kofia ya msikitini. Zaituni amepanga kitasa kilichopasuka juu ya mkeka na kupima pengo kwa macho. Mimi nilikuwa nazungusha gurudumu, na chungu kilikuwa tayari chekundu.

Byamungu akaingia, akasalimu, akaliona gunia, akauona moto.

"Papa Kiza, nimekuja kwa lile jibu."

"Umekuja wakati mzuri," Kiza akasema. "Huyu mzee amechoka. Kamata gurudumu, zungusha."

Byamungu akasogea. Kisha akavua saa yake, akaitia mfukoni, akazungusha.