Ayie ya Mama na Shilingi za Nchi Mbili

Kabla sijaolewa nilikuwa nashona nguo sokoni Migori, na mwanamume aliyenitaka alikuwa fundi wa baiskeli kutoka Rorya, upande wa Tanzania. Ni Wajaluo kama sisi. Nyanya zetu kadhaa walitoka kwao, na shangazi zetu kadhaa wamezikwa huko. Hakuna aliyeona tatizo lolote mpaka siku pesa zilipoletwa.

Kwetu mama wa binti hupewa pesa iitwayo ayie, ya kuonyesha kwamba amekubali. Ng'ombe ni wa ukoo, lakini ayie ni ya mama peke yake, na hata mumewe haiulizii. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliowafuata Homa Bay kila wiki, na nyumba yake ilivuja juu ya meza. Ayie yangu aliipangia kazi mapema: mabati. Alikuwa amelipima paa kwa kamba, akaitundika kamba hiyo kwenye msumari nyuma ya mlango ili asisahau urefu.

Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba. Ujanani alifanya kazi Mwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa, alirudi na sanduku moja, akaacha kitanda, baiskeli na akiba yake yote. Tangu hapo hakuwahi kuisamehe Tanzania, pamoja na Watanzania ambao wakati huo walikuwa hawajazaliwa. Msemaji wao alikuwa ami wa mchumba wangu. Yeye alikuwa Kericho mwaka uleule, akarudi kwao bila redio yake. Wawili hao wangelinganisha vitu walivyopoteza, wangekuwa marafiki wakubwa. Hawakulinganisha.

Watu wa Rorya walikuja mara ya kwanza na mfuko wa noti za Tanzania, zimefungwa mafungu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Sote tulikuwa Wajaluo, lakini Kijaluo kiliwekwa kando kwa kuwa mambo yalikuwa ya kimataifa.

"Hii ni makaratasi," baba mkubwa akasema. "Hapa ni Kenya. Leteni pesa."

"Mzee wangu, kwa heshima zote, hizi ni fedha halali za Jamhuri ya Muungano," ami akajibu, kwa Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba baba mkubwa alizidi kukasirika.

Pesa zilirudishwa mfukoni. Chakula kililiwa chote, maana kuku hana uraia. Walipokuwa wakitoka nilimsikia ami akisema "manyang'au", tusi la kwao kwa Wakenya, huku akijichokoa meno kwa njiti ya kwetu.

Mchumba wangu alikwenda Isebania, mpakani, ambako wabadilishaji pesa husimama kando ya barabara na mabunda mkononi. Walimbadilishia, wakakata chao. Zilipita wiki kadhaa kabla wazee hawajapata nafasi ya kukutana tena, na katika wiki hizo shilingi yetu ikaanguka. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umepita, noti zilikuwa zimejaa mitaani, na bei ya unga ya asubuhi haikuwa ile ya jioni. Walipokuja mara ya pili na shilingi za Kenya, baba mkubwa aliinua noti moja dirishani, akaitazama kama mtu anayekagua samaki wa juzi.

"Hii imeoza. Leteni ile yenu ya kwanza."

Ami alicheka, nami sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo. "Mzee, leo ya Tanzania ni pesa?"

"Leo ni pesa."

Fundi wangu akarudi Isebania. Shilingi zetu alizozinunua kwa bei ghali akaziuza kwa bei ya hasara, na wabadilishaji wakakata chao tena. Ami naye, kwa kuwa sasa alikuwa na neno la kujivunia, alikaa miezi bila kupanga safari. Alisema Wakenya nao waonje kungoja.

Nilimchukia baba mkubwa, na yule ami nikamchukia sawasawa, bila ubaguzi wa nchi. Mchumba wangu alikuwa akija kila Jumapili kwa baiskeli, anakaa karibu na cherehani yangu. Siku moja alisema, "Kila nikienda Isebania namwezekea mtu mwingine nyumba kwa mabati ya mama yako." Nikamwambia tutoroke. Akasema hawezi kumwiba binti wa mwanamke ambaye amekwisha kupima paa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nilishona suruali ya mwalimu mmoja nikaweka mifuko yote miwili upande mmoja. Niliogopa kwamba amechoka, na sikuona sababu ya yeye kutochoka.

Walikuja mara ya tatu mwaka uliofuata, fundi wangu akiwa nyuma yao. Fungu lilikuwa limebaki moja. Tyubu iliyolifunga ilizungushwa mara nne, maana noti zilikuwa chache. Baba mkubwa alikuwa amesikia redioni kwamba shilingi yetu imepata nguvu. Akakohoa, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Sasa, hii ya Tanzania wakati huu..."

Mama aliingia kutoka jikoni, unga ungali mikononi. Wanawake hawakuwa wakiingia katika mazungumzo yale.

"Shemeji," akasema, "hii pesa ni ya nani?"

"Ni yako, lakini..."

"Mimi nilikuwa nadhani ni ya serikali."

Alilichukua lile fungu, akalifunga kwenye pindo la leso bila kuhesabu. "Nimekubali. Sasa mkule, chakula inapoa."

Nililia mbele ya wageni, jambo ambalo bibi harusi hatakiwi kufanya kabla ya siku yake. Ami aliinama akachunguza viatu vyake. Baba mkubwa alikula vizuri.

Wiki ile mama alivuka mpaka hadi Sirari mwenyewe na zile noti. Zilitosha sufuria moja kubwa. Ile kamba ya nyuma ya mlango aliitoa akamfungia mbuzi.

Nilirudi kumsalimu msimu wa mvua, na mtoto mgongoni. Baba mkubwa alikuwapo, amekaa mezani, na katikati ya meza, pale paa linapovuja, palikuwa na sufuria ile. Aliniuliza, "Siku hizi shilingi yenu huko inaendaje?"

Mama alinyoosha mkono, akaisogeza sufuria kidogo upande wa shemeji yake, ili tone lisimwangukie.