Choo cha Sekela

Winfrida hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi, lakini suala la choo lilikuwa limemshinda. Binti yake Sekela alikuwa ametimiza miaka saba, ana usonji, haongei, na karibu kila alipofikishwa mlangoni mwa choo aliziba masikio, akalia, akachomoka mbio hadi migombani. Huko ndiko alikojisaidia, kama hakuwa amekwisha kujilowesha. Mama mkwe alisema mtoto ana kiburi. Majirani pale Msasani, mtaa wao wa milimani, walisema mengine, ambayo Winfrida aliyaacha yapite.

Aliyempa pa kuanzia ni Tusajigwe, mwalimu wa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Alimchorea mtoto kadi yenye picha ya choo, akamwelekeza Winfrida ampeleke kila siku muda ule ule, baada ya uji, bila kumkaripia wala kumlazimisha.

"Mama Sekela, huyu hakatai choo," alimwambia. "Kuna kitu mle kinamtesa. Kitafute."

Winfrida akatafuta. Alisugua sakafu hadi harufu ikaisha. Mumewe Anyitike, fundi seremala, akatengeneza kiti kidogo cha mbao cha kuwekwa juu ya tundu. Sekela alikikalia siku moja ya jua, kesho yake mvua ikanyesha, akagoma tena.

Ndipo asubuhi moja mvua ikashuka Winfrida mwenyewe akiwa chooni. Bati lilinguruma juu ya kichwa chake kama mtu anamwaga kokoto kwenye debe. Alishtuka kujikuta naye ameziba masikio. Akasimama hivyo hivyo, akaanza kucheka peke yake.

Alikimbia na mvua ile hadi kwenye banda la useremala, nguo zimemgandama mwilini.

"Baba Sekela, ni bati," alisema akihema. "Mwanao anaogopa kelele za bati."

Anyitike hakuuliza mara mbili. Mvua ilipokatika tu alipanda juu ya choo, akalaza nyasi nene juu ya bati lote, na kwa ndani akapigilia magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba. Jirani yao Ambilikile alipita akauliza kama wameamua kurudi enzi za babu. Anyitike akamjibu kwamba mwenye choo ndiye aliyeagiza.

Siku ya kwanza Sekela alisimama mlangoni akitazama juu. Siku ya pili aliingia, akapapasa magunia, akatoka. Siku ya tano mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli. Alikunywa uji, akaichukua kadi mwenyewe, akamshika mama yake mkono.

Winfrida alisubiri nje. Kisha akausikia mkojo ukidondokea shimoni.

Alitamani apige vigelegele vifike hadi kijiji cha Ikuti. Lakini kelele ndizo zilizowafikisha pale, basi akainua mikono na kucheza kimya kimya kwenye matope, akizunguka, akitingisha mabega. Anyitike alimwona kutoka bandani. Akaelewa, akaweka randa chini, akatoka naye kucheza, bila kutoa hata mluzi.

Wiki hiyo Sekela alijilowesha mara mbili, na hakuna aliyemgombeza. Jumapili, katikati ya mahubiri, alimvuta mama yake gauni na kumwekea kadi mapajani. Winfrida alinyanyuka mbele ya kanisa zima, wakatoka haraka wameshikana mikono, na kwa jinsi uso wake ulivyong'aa, waumini walidhani amepokea ujumbe wa heri.